NYUMBU WA SERENGETI: NANI ANAPANGA WAWE WANGAPI?

Kila mwaka ikifika Julai na Agosti, picha za nyumbu wakivuka mto Mara zinasambaa kila kona, na kila mwaka watu wanagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema: "Wanyama wanakwisha, watoto wetu watawaona kwenye noti tu." Kambi ya pili inajibu: "Wanakwisha wapi? Wamejaa tele, wanakula mashamba ya watu, wapunguzwe!" Halafu matusi yanaanza, mada inakufa.

Leo nataka tuiweke sawa hii kitu. Sio kwa kelele, kwa hesabu. Wanyama wanaongezekaje? Wanapunguaje? Nani anapanga wawe milioni moja na sio milioni kumi? Nitamtumia nyumbu kama mfano (nyumbu wa porini, sio yule mtoto wa punda na farasi), kwa sababu ni mmoja wa wanyama waliohesabiwa kwa muda mrefu kuliko karibu wote Afrika. Na ukimwelewa nyumbu, utaelewa tembo, simba, hata kuku wa bibi yako.

Mimi ni mtoto wa Bunda, pembeni kabisa ya Serengeti. Kwetu haya sio mambo ya televisheni. Ni kitoweo, ni shamba, ni kesi mahakamani, ni kazi ya hoteli. Ndiyo maana nataka tujue tunachobishania.

Kama uko kafe na dakika zinayoyoma, chapa kurasa hizi ukasome nyumbani. Ni ndefu kidogo.

MILANGO MINNE

Idadi ya wanyama popote pale ina milango minne tu. Miwili ya kuingilia: kuzaliwa na kuhamia. Miwili ya kutokea: kufa na kuhama. Basi. Hakuna mlango wa tano. Mtu akikwambia "tembo wameongezeka wilaya yetu", swali la kwanza ni: wamezaliwa au wamehamia? Maana majibu hayo mawili yanataka hatua tofauti kabisa.

Sasa utamu wa hesabu uko hapa. Wanyama hawaongezeki kwa kujumlisha, wanaongezeka kwa kuzidisha. Ukiweka sh. 1,000 kila mwezi kwenye kibubu, unajumlisha. Lakini mtoto wa nyumbu naye atazaa, na mtoto wake atazaa. Hiyo ni riba juu ya riba.

Kuna kanuni ya mkato: chukua 70, gawa kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, utapata miaka ya kufika mara mbili. Kundi likikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, linakuwa mara mbili kila baada ya miaka 7 hivi. Likikua kwa asilimia 5, miaka 14. Ikariri hiyo kanuni, tutaitumia chini.

SOTOKA: UGONJWA ULIOFUTA BARA

Tuanze zamani kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika kupitia pwani ya Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Sotoka ni ugonjwa wa virusi unaoshika wanyama wanaocheua: ng'ombe, nyati, nyumbu na jamaa zao. Homa, vidonda mdomoni, kuharisha, kifo ndani ya siku chache. Ulishuka kusini kama moto wa kiangazi. Kufikia mwaka 1891 ulikuwa umeshaingia nchi za Wamasai, mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi, mwaka 1897 ukafika Rasi ya Afrika Kusini. Sehemu nyingi ng'ombe 8 au 9 kati ya 10 walikufa.

Ng'ombe wakifa, mfugaji anakufa. Ethiopia ilipata njaa kubwa kati ya mwaka 1888 na 1892. Wamasai waliziita nyakati zile Emutai, maana yake kuangamizwa. Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro mwaka 1892 na kukuta watu wamebaki mifupa mitupu. Porini nako nyati na nyumbu walianguka hivyo hivyo.

Shika jambo hili kwa makini, maana wengi hawalijui: Wazungu waliokuja miaka iliyofuata wakaona nchi pana, watu wachache, mifugo michache, vichaka vimeota, wakadhani ndivyo Mungu alivyoiumba. Kumbe walikuwa wanaangalia nyumba baada ya msiba. Picha ya "Afrika ya asili isiyo na watu" kwa sehemu kubwa ilichorwa kwenye kaburi la sotoka.

NA SOTOKA HAIKUONDOKA

Baada ya pigo la kwanza, ugonjwa ulibaki. Ng'ombe waliobaki kuzunguka Serengeti waliendelea kuwa nao, na kila mara waliuambukiza kwa nyumbu na nyati. Nyumbu wakubwa walioponea walipata kinga. Ndama nao walilindwa na maziwa ya mama kwa miezi ya mwanzo. Lakini kinga ya mama ikiisha, wakiwa na miezi saba hivi, virusi vinawakuta wazi. Wengi walikuwa wanakufa kabla ya kufikisha mwaka. Ni kama ndama mmoja tu kati ya wanne aliyefikisha mwaka.

Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia. Walipata nyumbu 99,481, idadi ambayo wataalamu wa baadaye waliiona ndogo kuliko ukweli. Michael alikufa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na ikaifanya Serengeti ijulikane dunia nzima. Lakini hata wao walikuwa wanahesabu mbuga iliyo mgonjwa.

MIAKA 16 YA MAAJABU

Miaka hiyo hiyo, pale Muguga nchini Kenya, daktari wa mifugo Mwingereza aitwaye Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka. Ng'ombe wa kuzunguka mbuga wakachanjwa. Angalia vizuri: hakuna aliyechanja nyumbu hata mmoja. Walichanjwa ng'ombe tu. Halafu angalia hesabu za nyumbu:

Mwaka 1961: 263,000
Mwaka 1963: 357,000
Mwaka 1965: 439,000
Mwaka 1967: 483,000
Mwaka 1971: 693,000
Mwaka 1972: 773,000
Mwaka 1977: karibu 1,400,000

Mara tano ndani ya miaka 16! Nyati nao, ambao walikuwa kama 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakazidi mara mbili na kufika 70,000 na ushee katikati ya miaka ya 1970. Piga hesabu utaona nyumbu walikuwa wanakua kwa asilimia 10 hivi kwa mwaka, yaani mara mbili kila miaka 7. Kanuni yetu ya 70 hiyo.

Mtaalamu aliyefuatilia habari hii kwa muda mrefu ni A.R.E. Sinclair, aliyefika Serengeti mwaka 1965 akiwa kijana na akaendelea kurudi kwa miongo mingi. Lakini alijuaje kwamba ni sotoka na sio mvua, au askari wa wanyamapori, au bahati tu?

SHAHIDI NI PUNDAMILIA

Hapa ndipo napapenda. Ukitaka kujua sababu ya jambo, tafuta aliyeishi mahali pale pale lakini hakuguswa na sababu hiyo.

Pundamilia anakula nyasi zile zile, anahama njia zile zile, analiwa na simba wale wale, ananyeshewa mvua ile ile. Tofauti yake moja: hacheui. Yuko ukoo wa punda na farasi, na sotoka haimpati. Sasa kama nyumbu waliongezeka kwa sababu ya mvua au ulinzi, pundamilia nao wangeongezeka. Hawakuongezeka! Miaka yote hiyo walibaki kwenye 200,000 hivi.

Ushahidi wa pili ni damu. Walipopima damu za nyumbu waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakukuta alama za kinga ya sotoka, maana yake hawakuwahi kukutana na ugonjwa. Na ndama wanaofikisha mwaka walipanda kutoka kama robo hadi kama nusu. Kesi imefungwa.

Somo la kwanza: idadi ya mnyama unayemwona inaweza kuwa inatawaliwa na kitu usichokiona kabisa. Kirusi kimoja kiliwabana nyumbu kwa miaka 70, na simba wote wa Serengeti hawakufua dafu mbele yake. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa na binadamu, baada ya ndui.

KWA NINI HAWAKUFIKA MILIONI 90?

Sasa tufanye uchokozi. Tuseme nyumbu wangeendelea na mwendo ule wa mara mbili kila miaka 7. Kutoka milioni 1.4 mwaka 1977: mwaka 1984 wangekuwa milioni 2.8, mwaka 1991 milioni 5.6, mwaka 1998 milioni 11.2, mwaka 2005 milioni 22.4, mwaka 2012 milioni 44.8, na mwaka 2019 karibu milioni 90. Sensa ya watu Tanzania mwaka 2022 ilitupata sisi watu milioni 61.7. Yaani nyumbu wangetuzidi, tena ndani ya mbuga moja!

Haikutokea. Baada ya mwaka 1977 ongezeko likasimama, idadi ikawa inapanda na kushuka kuzunguka milioni 1.3. Nani alikanyaga breki?

Ukiuliza mtaani watakwambia simba na mamba. Televisheni imetufundisha hivyo. Tuangalie. Watafiti waliohesabu mizoga ya mto Mara kwa miaka kadhaa walichapisha mwaka 2017 kwamba kwa wastani nyumbu kama 6,200 wanakufa maji kila mwaka wakivuka. Ni wengi ukiwaona wamelundikana. Lakini kwenye kundi la milioni 1.3 hiyo ni nusu ya asilimia moja tu. Kwenye nyumbu 200 amekufa mmoja. Hiyo sio breki.

Simba na fisi je? Nyumbu wana ujanja wao. Ndama walio wengi, zaidi ya asilimia 80, wanazaliwa ndani ya wiki tatu hivi, mara nyingi mwezi Februari, kule nyanda za nyasi fupi kusini. Ni kama duka moja limepokea mikate laki mbili kwa siku moja: hata wateja wawe na njaa vipi, hawawezi kuimaliza. Fisi wanashiba, ndama wengine wanapita. Tena kundi linahama na simba hawezi kulifuata, kwa sababu ana watoto na eneo lake la kulinda.

Jibu lilitolewa vizuri mwaka 1999 na Mtanzania mwenzetu, Simon Mduma, pamoja na Sinclair na Ray Hilborn, kwa kutumia kumbukumbu za miaka 40. Walikagua mizoga, wakapasua mifupa kuangalia uboho. Mnyama mwenye afya uboho wake una mafuta, mweupe na mgumu. Aliyekufa kwa kukosa chakula uboho wake ni mwekundu unaotetema kama uji. Jibu: vifo vitatu kati ya vinne vilikuwa vya lishe duni. Breki ni NYASI. Na sio nyasi za masika, za masika zinatosha kila mtu. Ni nyasi za kiangazi, Agosti mpaka Oktoba, huko kaskazini ambako mvua hazikauki kabisa.

Na ndiyo maana idadi ilipanda kwa kasi miaka ya 1971 hadi 1976: mvua za kiangazi zilikuwa nyingi. Mwaka 1993 ukaja ukame mkali, nyumbu wakashuka mpaka kama 900,000. Halafu wakapanda tena. Mkiwa wengi kila mmoja anapata kidogo, wanakufa wengi. Mkipungua, waliobaki wanashiba, wanazaa vizuri, mnapanda. Mbelgiji mmoja aitwaye Verhulst aliiandika tabia hii kihesabu tangu mwaka 1838: kundi linakua taratibu, kisha kwa kasi, kisha linafika dari na kutulia. Dari hilo ni uwezo wa ardhi kulisha.

Somo la pili: dari linapimwa siku ya njaa, sio siku ya shibe. Ukitaka kujua nyumba inalisha wangapi, usiangalie mwezi wa mavuno. Angalia mwezi ambao debe la mahindi limebaki moja.

MMOJA AKIPANDA WENGINE WANAYUMBA

Nyumbu milioni moja wa nyongeza hawakai bure. Walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa zinabaki zikakauka na kuungua. Moto wa nyika ukapungua sana kuliko ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Moto ulipopungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua, misitu ikarudi. Watafiti wakiongozwa na Ricardo Holdo walionyesha mwaka 2009 kwamba mbuga iligeuka kutoka kutoa hewa ya ukaa hadi kuihifadhi. Fikiria mnyororo huo: sindano kwenye shingo ya ng'ombe wa kijijini ikazaa msitu ndani ya hifadhi. Simba na fisi nao waliongezeka, maana kitoweo kipo.

Lakini mnyororo unavuta pande zote mbili. Ukame ule wa 1993 uliwadhoofisha nyati, kupe wakawajaa. Simba wakawala kwa wingi, wakapata vijidudu vya damu vinavyoenezwa na kupe. Mwaka 1994 ukaingia ugonjwa wa virusi wa mbwa kutoka kwa mbwa wa vijijini. Simba ambao kwa kawaida wangestahimili virusi hivyo wakashindwa, kwa sababu magonjwa mawili yamewakuta kwa pamoja. Takriban simba 1,000 walikufa, theluthi moja ya wote Serengeti. Baada ya hapo mbwa wa vijijini wakaanza kuchanjwa. Mara ya pili hiyo: dawa ya porini ikatolewa kijijini.

TEMBO NI HADITHI NYINGINE

Kambi ya pili nisikilizeni hapa. Mnaposema "wanyama wanazaliana tu, hawaishi", mnamfikiria nyumbu. Jike la nyumbu linazaa karibu kila mwaka. Tembo anabeba mimba miezi 22, anazaa mmoja, anakaa miaka minne au mitano kabla ya mwingine. Mambo yakiwa mazuri kabisa tembo hawazidi asilimia 7 hivi kwa mwaka. Kanuni ya 70: miaka 10 kufika mara mbili. Na hiyo ni kama hauawi hata mmoja kwa bunduki.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Watalii wakakatika, pesa za doria zikakatika, majangili wakaingia. Serengeti ilikuwa na tembo kama 2,500 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1986 walihesabiwa chini ya 500. Faru weusi karibu waishe kabisa. Biashara ya pembe za ndovu ikapigwa marufuku kimataifa mwaka 1989.

Sasa mtihani. Mwaka 2014 upande wa Serengeti walihesabiwa tembo kama 6,000. Je, 500 wanaweza kuzaa mpaka 6,000 kwa miaka 28? Fanya hesabu: kwa asilimia 7 kila mwaka bila kukosa, 500 wanafika kama 3,300 tu. Wengine wametoka wapi? Milango minne! Wamehamia. Wakati wa ujangili wengi walikimbilia Mara upande wa Kenya, hali ilipotulia wakarudi. Kwa hiyo shangazi yangu anapolalamika tembo wamezidi shambani, anasema kweli kabisa. Lakini haina maana tembo wa nchi nzima wamezidi. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa tembo 109,051. Mwaka 2014 walikuwa 43,330. Selous peke yake walianguka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi 13,084 mwaka 2013. Yaani shamba la shangazi lilikuwa linajaa tembo wakati ule ule nchi inapoteza zaidi ya nusu ya tembo wake. Kambi zote mbili zilikuwa sahihi, na zote hazikuwa na picha nzima.

JIRANI ALIYEPOTEZA KUNDI LAKE

Msije mkadhani milioni 1.3 ni haki ya kudumu. Hapo hapo jirani, upande wa Kenya, kulikuwa na kundi jingine la nyumbu, wale waliokuwa wakizalia nyanda za Loita na kuingia Masai Mara kiangazi. Mwaka 1977 walikuwa kama 119,000. Mwaka 1997 walikuwa kama 22,000. Hawakuuawa na sotoka, wala simba hawakuongezeka ghafla. Nyanda za kuzalia ziligeuzwa mashamba makubwa ya ngano. Karibu na Nairobi, kundi la nyanda za Athi na Kaputiei lilikuwa karibu 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Uzio, viwanja na barabara vikaziba njia, wakabaki elfu chache.

Mnyama anayehama anahitaji sehemu zote mbili, ya masika na ya kiangazi. Ukikata moja, nyingine haina kazi. Ni kama mtu umwachie nyumba lakini umzuie kwenda sokoni.

Ndiyo maana mwaka 2010 serikali ilipotangaza mpango wa barabara kuu kupita kaskazini ya Serengeti kulizuka ubishi mkubwa. Hoja ya watu wa Mugumu na Loliondo ilikuwa halali, nao wanataka barabara kama wengine. Hoja ya wataalamu ilikuwa hii niliyoeleza: kaskazini ndiko kwenye nyasi za kiangazi, ndiko lilipo dari. Watafiti walikadiria mwaka 2011 kwamba nyumbu wakizibiwa kaskazini wanaweza kupungua kwa zaidi ya theluthi. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba barabara ya lami kukatiza pale ingekuwa kinyume cha mkataba wa Jumuiya.

UKISIKIA TAKWIMU, ULIZA HAYA

Hakuna mtu aliyewahesabu nyumbu milioni moja mmoja mmoja. Ndege inaruka kwa mistari iliyopangwa, inapiga picha, watu wanahesabu kwenye picha, halafu wanakadiria sehemu zilizobaki. Kwa hiyo kila jibu lina kosa juu na chini. Mwaka 2025 ulitoka uchambuzi wa picha za setilaiti za Agosti 2022 na Agosti 2023, kompyuta ndiyo iliyohesabu. Ilipata nyumbu chini ya 600,000. Watu wakashtuka: nusu wamepotea? Wenyewe waliofanya kazi hiyo hawakusema hivyo. Huenda wengine walikuwa nje ya eneo lililopigwa picha au chini ya miti, huenda makadirio ya zamani yalikuwa makubwa, au huenda kweli wamepungua. Jibu litapatikana kwa kuhesabu tena na tena kwa njia ile ile.

Kwa hiyo mdau, kabla hujaingia kwenye ubishi uliza maswali manne:

1. Wamehesabiwa eneo gani? Wilaya, hifadhi, au nchi nzima?
2. Wamehesabiwa kwa njia gani, na ni ile ile ya mara ya mwisho?
3. Ni milango ipi imebadilika: kuzaliwa, kufa, kuhamia au kuhama?
4. Breki yao ni nini: chakula, ugonjwa, bunduki au nafasi?

Msimamo wangu mimi ni huu. Wanyama hawalindwi kwa kuhurumiwa wala hawaishi kwa kulaaniwa. Nyumbu hawakuokolewa na mzungu mwenye kamera. Waliokolewa na wafugaji waliokubali ng'ombe wao wachanjwe, na wanashikiliwa na nyasi za miezi mitatu ya kiangazi. Sisi wa pembeni ya mbuga tunachukuliwa kama tatizo, kumbe afya ya mifugo na mbwa wetu, na ardhi yetu ya kupitia, ndiyo inayoshika hesabu yote. Basi tukae mezani kama wenye hesabu, tulipwe mahindi yetu yanapoliwa, na tusiambiwe tu "ondokeni".

Naomba kuwasilisha. Watu wa Bunda, Mugumu, Loliondo, Narok na kwingineko, uwanja ni wenu: huko kwenu mnyama gani ameongezeka au kupungua, na mlango upi umefunguka? Mwenye takwimu aweke na mwaka wake. Matusi nitafuta.